SNEL katika miaka ya vita: umeme ulilindwa, hasara haikuandikwa

BUKAVU – Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye ilisoma hukumu ambayo wakaaji wa mashariki ya Kongo waliingoja kwa miaka mingi. Uganda iliamriwa kuilipa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo dola milioni 325 kwa madhara iliyoyasababisha katika vita vya 1998 hadi 2003: milioni 225 kwa ajili ya watu waliouawa na kuteswa, milioni 40 kwa mali iliyoharibiwa, na milioni 60 kwa maliasili. Nchi yetu ilikuwa imeomba zaidi ya dola bilioni 11.

Ndani ya hukumu hiyo ndefu kuna kipengele kifupi kinachomhusu kila mtu anayebonyeza swichi jioni. Kongo iliomba pia zaidi ya dola milioni 97 kwa ajili ya hasara za Shirika la Taifa la Umeme, SNEL. Kwa kipengele hicho majaji hawakutoa hata dola moja. Hawakusema kwamba SNEL haikupata hasara. Walisema kwamba ushahidi haukuletwa. Tena wakaongeza neno linalouma: SNEL ni shirika lililo karibu sana na serikali, kwa hiyo serikali ingetarajiwa kuwa na uwezo wa kuleta angalau ushahidi kidogo.

Ndugu wasomaji, leo hatutaki kuzungumza juu ya delestaji wala faktura. Hayo tunayalalamikia kila siku. Leo tuangalie jambo ambalo watoto wetu hawafundishwi shuleni: shirika la umeme lilifanya nini wakati nchi ilipokatwa vipande, maajenti wake walipitia nini, na kwa nini kazi hiyo yote ilipofika mbele ya majaji ilionekana kama haikutokea.

Anayeshika bwawa ameshika mji

SNEL iliundwa mwaka 1970. Kabla yake umeme ulikuwa mikononi mwa makampuni kadhaa ya wakati wa Wabelgiji: Katanga kulikuwa na Sogefor na Sogelec, huku kwetu kulikuwa na Forces de l'Est, na mengine magharibi. Shirika jipya liliyameza yote polepole. Mwaka 1972 Inga ya Kwanza ilianza kazi ikiwa na mitambo 6 yenye uwezo wa megawati 351. Mwaka 1982 ikafuata Inga ya Pili, mitambo 8, megawati 1.424. Mwaka huohuo nguzo za chuma zilikuwa zimekwisha kusimamishwa kutoka Inga mpaka Kolwezi, umbali wa kilomita kama 1.700, kati ya waya ndefu kuliko zote duniani wakati ule.

Watu wengi walijiuliza kwa nini umeme utolewe Bas-Congo upelekwe Katanga, wakati Katanga ilikuwa na mabwawa yake: Mwadingusha tangu 1930, kisha Koni, Nzilo na Nseke. Sehemu ya jibu ni mahitaji ya migodi ya shaba. Sehemu nyingine ni vita. Katanga ilikuwa imejitenga kuanzia 1960 mpaka 1963, na mwisho wa kujitenga kule uliwatia watu hofu kubwa. Askari wa Tshombe walitega mabomu kwenye mabwawa ya Kolwezi, na Tshombe akatishia kuacha nchi ikiwa majivu. Bahati nzuri makubaliano yalifikiwa. Tarehe 21 Januari 1963 askari wa Umoja wa Mataifa waliingia Kolwezi bila mapigano na mabwawa yakabaki salama.

Viongozi wa Kinshasa walijifunza somo moja hapo: anayeshika bwawa ameshika mji. Waya ya Inga mpaka Kolwezi ilikuwa pia kamba ya kuifunga Katanga kwa Kinshasa, isiweze tena kujitenga kirahisi. Hata ujenzi wake uliguswa na vita. Waasi kutoka Angola walipoingia Kolwezi mwezi wa Mei 1978, wafanyakazi wa kigeni wa kampuni iliyokuwa ikijenga waya hiyo walikuwa kati ya watu waliohamishwa haraka.

Lakini kamba ina ncha mbili. Kama Inga inaweza kuifunga Katanga, basi atakayeishika Inga anaweza kuifunga Kinshasa pia. Jambo hilo lilikuja kuonekana miaka 20 baadaye.

Inga, Agosti 1998

Vita vya pili vilianza huku kwetu, Goma na Bukavu, tarehe 2 Agosti 1998. Siku mbili baadaye, ndege zilizopakia askari zilitoka Goma, zikapita juu ya nchi nzima na kutua kwenye kambi ya Kitona, karibu na bahari. Operesheni hiyo iliongozwa na James Kabarebe, Mnyarwanda ambaye wiki chache kabla alikuwa bado mkuu wa majeshi ya Kongo. Kutoka Kitona askari hao na waasi waliojiunga nao walipanda kuelekea Matadi. Njiani kulikuwa na Inga.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa inayoitwa Mapping, iliyotolewa Oktoba 2010, inaeleza kilichofuata. Kuanzia tarehe 13 Agosti, mitambo ya Inga ilisimamishwa. Kwa muda wa karibu wiki tatu Kinshasa na sehemu ya Bas-Congo zilikosa umeme. Ripoti inasema kwamba watu walikufa kwa sababu hiyo, hasa watoto na wagonjwa waliolazwa hospitalini, na kwamba hesabu yao haijulikani.

Msomaji wa Bukavu au Goma anaweza kusema: sisi tumezoea kukaa bila umeme, wiki tatu ni nini? Lakini fikiria Kinshasa ilivyojengwa. Ni mji wa mamilioni ya watu, na umeme wake karibu wote ulitoka Inga. Regideso husukuma maji kwa pampu za umeme. Umeme ukikatika, maji hukatika siku hiyohiyo. Hospitali hubaki na jenereta, nayo jenereta inataka mazuti. Mazuti ya Kinshasa hupitia bandari ya Matadi, na Matadi ilikuwa imeshikwa. Damu ya kuongezewa wagonjwa, chanjo, chumba cha upasuaji, mashine ya kumsaidia mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, vyote vilitegemea waya moja. Kwa hiyo askari waliokuwa mamia ya kilomita kutoka Kinshasa waliweza kuua mtoto wa Kinshasa bila kumwona.

Sheria ya vita inakataza jambo hilo. Mapatano ya nyongeza ya Geneva ya mwaka 1977 yanakataza kuharibu au kuzima vitu ambavyo raia hawawezi kuishi bila hivyo, kama mitambo ya maji ya kunywa, na yanayapa mabwawa ulinzi wa pekee. Ripoti ya Mapping ilitumia maneno ya sheria hiyo ilipolieleza tukio la Inga.

Angola na Zimbabwe ziliingia vitani upande wa serikali ya Laurent-Désiré Kabila. Waangola walivuka mpaka kabla ya mwisho wa Agosti, wakarudisha Kitona, kisha miji mingine ya Bas-Congo. Bwawa lenyewe halikubomolewa, na umeme ukarudi Kinshasa.

Hapa ndipo tunapopaswa kuwataja watu ambao vitabu vya vita haviwataji. Askari anaweza kusimamisha mtambo kwa kumwelekezea mtu bunduki. Kuuwasha tena hawezi. Mtambo mkubwa hauwashwi kama taa ya nyumbani. Maji lazima yafunguliwe taratibu, mtambo ufikie mwendo wake sawasawa, upimwe kabla ya kuunganishwa na mingine, kisha waya zitiwe umeme kipande kwa kipande. Ukikosea, unaunguza mashine ambayo nchi haina fedha za kununua nyingine. Kazi hiyo ilifanywa na mafundi na maajenti wa SNEL, katika eneo ambalo mapigano yalikuwa yametoka kupita. Sisi raia tulisikia majina ya majenerali. Majina ya mafundi wa zamu hatukuyasikia.

Tshopo, Juni 2000

Kutoka Inga tupande mto mpaka Kisangani. Mji huo unapata umeme wake kutoka bwawa dogo la mto Tshopo, lililojengwa miaka ya 1950, lenye mitambo 3 na uwezo wa megawati kama 18. Kiwanda chake kiko kwenye maporomoko, kando ya daraja la Tshopo, yaani mlangoni mwa mji.

Majeshi ya Rwanda na Uganda, ambayo yaliingia Kongo kama marafiki, yalipigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya Kisangani zaidi ya mara moja. Mapigano makubwa kuliko yote yalianza tarehe 5 Juni 2000 na kuendelea mpaka tarehe 10. Wakaaji wanayaita Vita vya Siku Sita. Waganda walikuwa upande wa kaskazini wa mto, Wanyarwanda upande wa mji, na daraja la Tshopo lilikuwa katikati. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mabomu zaidi ya 6.600 yaliangushwa. Raia mamia waliuawa, zaidi ya 1.000 wakajeruhiwa, na mji ukakaa bila umeme wala maji wakati watu wakiwa wamejificha ndani ya nyumba zao.

Tazama mahali bwawa lilipo. Katika vita hivyo hakuna mahali pabaya zaidi pa kufanyia kazi. Mtu wa zamu kwenye kiwanda cha Tshopo hakuwa nyuma ya uwanja wa vita. Alikuwa ndani yake, kati ya majeshi mawili ambayo hata moja si la nchi yake. Na risasi ziliponyamaza, hospitali zilizojaa majeruhi zilimhitaji yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Tarehe 16 Juni 2000, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1304, likazitaka Rwanda na Uganda ziondoke Kongo na kusema kwamba zinapaswa kulipia madhara yaliyofanyika Kisangani. Kumbukeni neno hilo, kulipia, kwa sababu tutalirudia.

Ruzizi: umeme unaovuka mpaka

Sasa turudi nyumbani. Ruzizi ya Kwanza, pale maji ya Ziwa Kivu yanapotokea, ilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni mali ya SNEL. Chini yake mtoni kuna Ruzizi ya Pili, iliyomalizika mwaka 1989, ambayo ni mali ya nchi tatu pamoja, Kongo, Rwanda na Burundi, kupitia kampuni ya SINELAC yenye makao yake hapahapa Bukavu. Ya Kwanza ina uwezo wa megawati karibu 30, ya Pili karibu 44. Ruzizi ya Pili hutumia maji yanayoachiliwa na Ruzizi ya Kwanza. Mtu wa zamu juu akifunga maji, mwenzake wa chini anapungukiwa.

Fikirieni basi hali ilivyokuwa kuanzia Agosti 1998. Serikali ya Kinshasa ilikuwa vitani na Rwanda. Bukavu ilikuwa chini ya RCD, iliyosaidiwa na Rwanda. Burundi nayo ilikuwa na askari wake upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Lakini maji ya Kivu yaliendelea kushuka, na Ruzizi ya Pili ikabaki mali ya nchi zote tatu, na umeme wake ukaendelea kuhesabiwa kwa tatu. Viongozi hawakupeana mkono, lakini mafundi wa pande tatu ilibidi wapigiane simu, maana mtambo ukitoka upande mmoja waya za upande mwingine zinahisi papo hapo.

Wako wanaosema kwamba hiyo ilikuwa aibu: kwa nini umeme wa Kongo umfikie adui? Swali hilo lina haki ya kuulizwa, na bado linaulizwa Bukavu hadi leo. Mimi naona tuliangalie kwa macho ya aliyekuwa kwenye kiwanda. Umeme huo huo ulisukuma maji ya Bukavu, uliwasha taa za hospitali zake, ulifika Goma na Uvira. Hakuna swichi inayomzima askari ikamwachia mama anayejifungua. Kuufunga mto kungekuwa kufanya kwa Bukavu yale yaliyofanywa kwa Kinshasa pale Inga. Maajenti walichagua, au walilazimika, kuendelea. Matokeo ni kwamba mitambo ya Ruzizi ilivuka vita ikiwa bado inazunguka, na nchi iliporudi kuwa moja mwaka 2003 haikukuta magofu.

Tangu 1996 mji wetu umebadilisha mabwana mara nyingi: Oktoba 1996 AFDL, Agosti 1998 RCD, siku chache za Juni 2004 askari wa Nkunda na Mutebutsi, na Februari 2025 AFC/M23. Kila mara wenye silaha wapya wanapofika hutafuta kwanza ofisi ya gavana, redio, uwanja wa ndege na umeme. Gavana hukimbia. Mtu wa zamu kiwandani akikimbia, mji unazimika.

Shirika moja, mabwana watatu

Kati ya 1998 na 2003 SNEL ilikuwa kioo cha nchi. Inga, Kinshasa, Likasi na Kolwezi zilikuwa upande wa serikali. Ruzizi, Tshopo, na kiwanda cha Bendera kinachohudumia Kalemie vilikuwa upande wa RCD. Mobayi, kwenye mto Ubangi, inayowasha Gbadolite, ilikuwa upande wa MLC ya Jean-Pierre Bemba. Jina lilikuwa moja, alama kwenye faktura moja, lakini mabwana watatu.

Shirika liliisaidiaje nchi? Kwanza kwa kuendelea kutoa umeme mahali ambapo malipo hayakuja. Ofisi za serikali, kambi za jeshi, Regideso, hospitali za umma: wateja wakubwa wa SNEL walikuwa na bado ni watumiaji wa serikali, na madeni yao kwa shirika yamejulikana kwa miaka mingi. Katika vita hakuna mkuu wa shirika anayeweza kukata umeme wa kambi ya jeshi kwa sababu ya faktura. Kwa maneno mengine, SNEL iliikopesha nchi umeme katika miaka mibaya kuliko yote, na deni hilo ililipa kwa mitambo yake yenyewe. Fedha za vipuri hazikupatikana, wafadhili walikuwa wameondoka tangu miaka ya 1990, na vita vilipokwisha sehemu kubwa ya mitambo 14 ya Inga ilikuwa imesimama ikingoja kutengenezwa. Delestaji tunayoilaani leo ilizaliwa kwa kiasi fulani katika miaka ile.

Na maajenti je, nani aliwasaidia? Hapa lazima tuseme wazi kwamba kumsaidia mfanyakazi wakati wa vita si kumpigia makofi. Ni mambo yanayohesabika. Ni mshahara unaovuka mstari wa mapigano na kumfikia mke wake. Ni kumpa haki ya kukataa kupanda nguzo mahali ambapo mabomu ya ardhini hayajaondolewa. Ni kumlinda asiitwe msaliti kesho kwa sababu leo alifanya kazi chini ya bwana asiyempenda. Ni orodha yenye jina la kila aliyejeruhiwa au kufa akiwa kazini, ili watoto wake wajulikane. Na jambo la mwisho, ambalo linaonekana dogo kuliko yote, ni daftari.

Kila kiwanda cha umeme kina daftari la zamu. Mtu wa zamu huandika kila saa: mtambo upi unazunguka, megawati ngapi, maji yako kimo gani, nani ameingia, nani ametoka, kimetokea nini. Ni kazi ya kuchosha, na watu huidharau. Lakini daftari hilo ndilo shahidi pekee ambaye hasahau wala haogopi.

Kilichopotea La Haye

Turudi sasa mahakamani. Kongo ilizishtaki Rwanda na Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Kesi dhidi ya Rwanda ilikwama: tarehe 3 Februari 2006 Mahakama ilisema haina mamlaka ya kuisikiliza, kwa sababu Rwanda haikuwa imekubali mamlaka hayo. Kesi dhidi ya Uganda iliendelea, na tarehe 19 Desemba 2005 Uganda ilikuwa imekwisha kutiwa hatiani. Lakini katika hukumu hiyohiyo Mahakama ilisema haijathibitishwa kwamba Uganda ilishiriki katika shambulio la Kitona.

Unganisheni mambo hayo mawili. Inga ilizimwa na kikosi kilichotoka Kitona. Aliyeongoza Kitona hakuweza kushtakiwa, na aliyeshtakiwa hakuthibitishwa kuwa Kitona. Kwa hiyo watoto waliokufa katika hospitali za Kinshasa mwezi wa Agosti 1998 hawana hata mlango wa kubisha katika jengo lile la La Haye.

Kulibaki maeneo ambayo Uganda ilithibitishwa kuwa ndani yake, Kisangani ikiwa ya kwanza. Hapo serikali ilidai hasara za SNEL. Na hapo ndipo majaji walipouliza ushahidi uko wapi. Mtambo gani uliharibiwa? Tarehe gani? Bomu la nani? Ulitengenezwa kwa fedha kiasi gani, na faktura iko wapi? Mahakama haikudai mambo ya ajabu. Ilidai yale ambayo fundi wa zamu huandika kila siku na yale ambayo mhasibu huyaweka kwenye kabati. Kutoka 2005 mpaka 2022 ni miaka 16 na zaidi. Katika muda huo wote dola milioni 97 ziliandikwa kwenye karatasi ya madai, lakini chini yake hapakuwa na karatasi nyingine za kuzishikilia.

Wengine watasema Mahakama inawapendelea wenye nguvu. Inawezekana kulalamika hivyo juu ya mengi. Lakini juu ya SNEL tusijidanganye. Uganda imeanza kulipa. Awamu ya kwanza ya dola milioni 65 ililipwa mwaka 2022, na mfuko wa kugawa fidia, FRIVAO, una makao yake Kisangani. Mji uliopigwa mabomu unapokea kitu. Shirika lililowasha taa za mji huo halikupewa kitu katika hukumu hiyo.

Wenzetu wameanza mapema

Kuna nchi nyingine ambayo mitambo yake ya umeme inapigwa vitani leo. Tangu Oktoba 2022 Urusi imeshambulia mara kwa mara vituo vya umeme na waya za Ukraine, na mafundi wa kule wanatengeneza mchana yale yaliyopigwa usiku. Tofauti yao na sisi si ushujaa. Tofauti ni kwamba Ukraine na marafiki zake hawakungoja vita viishe ili waanze kuhesabu. Mwezi wa Mei 2023 Baraza la Ulaya liliunda Daftari la Hasara kwa ajili ya Ukraine, na makao yake yakawekwa La Haye, mji uleule ambao madai yetu yalianguka. Kuanzia Aprili 2024 daftari hilo linapokea madai, kila moja na ushahidi wake. Hakuna anayejua watalipwa lini. Lakini siku hiyo ikifika, hawatakuja mikono mitupu.

Leo, hapa kwetu

Mwezi wa Januari 2025, vita vilipofika Goma, mji ulikosa umeme na maji kwa siku kadhaa. Tuliona watu wakishuka ziwani na bidoni kuchota maji yasiyosafishwa, huku hofu ya kipindupindu ikiwa juu yao. Goma siku hizi inapata umeme kutoka SNEL na pia kutoka makampuni ya binafsi, ikiwemo Virunga Energies, ambayo waya zake zinatoka kiwanda cha Matebe, Rutshuru, na kupita katika eneo ambalo mapigano yamelizunguka kwa miaka. Mafundi walitoka kwenda kutengeneza waya zilizokatika wakati miili ilikuwa bado haijazikwa yote. Ni hadithi ileile ya Inga na Tshopo, na wahusika wapya.

Basi swali la gazeti letu si kama maajenti wa umeme ni mashujaa. Mtu anayepanda nguzo siku tatu baada ya mabomu hahitaji sisi tumwambie. Swali ni kama safari hii kuna mtu anayeandika. Nguzo ngapi ziliangushwa, wapi, tarehe gani. Kabini zipi ziliungua. Transfoma zipi ziliibiwa, na zilipakiwa kwenye gari la nani. Ajenti yupi alijeruhiwa, yupi alikosa mshahara miezi mingapi. Picha yenye tarehe. Sahihi mbili. Nakala moja ofisini, nyingine mbali na ofisi, kwa sababu ofisi nazo huchomwa.

Wako kati yenu, wasomaji, wazee waliokuwa zamu Ruzizi mwaka 1998, wajane wa watu wa Tshopo, vijana wanaofanya kazi kwenye kabini za Goma na Uvira leo. Kama kuna daftari la zamani nyumbani, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, msilitumie kuwashia makala. Lifungueni, lipigieni picha kila ukurasa, liandikeni jina la aliyelishika. Na kama halipo, kaeni na mzee jioni, muandike anayokumbuka kabla hajatutoka, tarehe na mahali, bila kuongeza chumvi.

Vita vya kwanza vilituchukulia watu na mitambo. Mahakama ilipotuuliza, tukakuta vimechukua na kumbukumbu yake. Hiyo ya pili tulikuwa na uwezo wa kuilinda, kwa bei ya kalamu na daftari.

Mwandishi wenu, Bukavu